Duka na nyumba katika jengo moja: namna ya kupanga pesa na kujenga Pemba (somo)

Asalaam alaykum. Somo hili ni la mwenye kiwanja kando ya barabara, iwe Konde, Wete, Chake au Kengeja, anayetaka jengo moja limtoshe kwa biashara na kwa kulala. Hesabu zilizomo ni za jengo la mita 6.5 kwa 9: duka na stoo upande mmoja, na ujia wa mita 2 ubavuni unaopeleka ndani au juu.

Hatua ya 1: Nyuma au juu?

Kama kiwanja kina urefu wa mita 20 kwenda nyuma, jenga duka mbele na vyumba nyuma. Usipande juu kwa sababu jirani kapanda. Slebu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, peke yake hula saruji, nondo, mbao na vibarua kwa mkupuo mmoja, na huwezi kuipiga nusu mwaka huu na nusu mwakani. Vyumba vya nyuma vinajengwa kimoja kimoja, na kila kimoja kinakalika kikishaezekwa.

Juu ni kwa mwenye kiwanja kifupi. Ukiwa na nia hiyo, hata kama ni ya miaka kumi ijayo, msingi na nguzo zitengenezwe kwa ajili ya ghorofa tangu siku ya kwanza. Kuta za tofali za inchi 6 zilizojengwa bila nguzo si za kubebeshwa slebu baadaye, hata fundi akiapa.

Vyovyote utakavyochagua, mlango wa nyumbani usipite dukani. Kwanza ni sitara ya watu wa nyumba. Pili ni moto: duka linapowaka usiku, waliolala wanahitaji njia isiyopita kwenye moto huo.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya tofali

Kwa Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma. Unachokuwa nacho wewe ni haki ya matumizi. Anza kwa sheha, kisha Kamisheni ya Ardhi. Ikiwa ardhi ni ya urithi, mirathi ipite kwanza na warithi wote watie saini, pamoja na dada walioolewa mbali. Ikiwa ni eka tatu za Serikali zilizogawiwa baada ya 1964, usinunue kipande kwa karatasi ya mkono tu. Na uliza miti ni ya nani: huku kwetu mnazi au mkarafuu unaweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi, naye atadai haki yake siku utakapoukata.

Kibali cha ujenzi kinatoka baraza la mji au halmashauri ya wilaya. Hapo hapo omba upimiwe hifadhi ya barabara na uandikiwe kipimo. Duka linataka kusogelea njia, na tamaa ya hatua mbili tatu za mbele ndiyo inayotiliwa alama ya X barabara inapopanuliwa.

Hatua ya 3: Pesa

Tenga mafungu matatu yasiyochanganyika: la ujenzi, la mtaji wa bidhaa, na la dharura. Fungu la mtaji lisiguswe hata kama mabati yanasubiri bandarini. Majengo mengi yaliyosimama kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, yamesimama kwa sababu hii: mtaji uliingia ukutani, rafu zikabaki tupu, wateja wakahamia duka la pili, na ujenzi ukakosa chanzo.

Pesa ya karafuu ni nzuri kwa kazi za mkupuo kama msingi, slebu au kuezeka. Si ya kuahidia marejesho ya kila mwezi, kwa kuwa mkarafuu ukizaa sana mwaka mmoja huweza kukaa kimya mwaka unaofuata. Marejesho yapime kwa faida ya duka. Tuseme mauzo ni shilingi 200,000 kwa siku na faida ni asilimia 12. Hiyo ni 24,000. Toa umeme, usafiri na mchele, sukari na mafuta mnayochukua rafuni kwa chakula cha nyumbani, tuseme 14,000. Imebaki 10,000, kwa siku 26 ni 260,000. Rejesho lisizidi nusu yake, yaani 130,000 kwa mwezi. Anayepiga hesabu kwa mauzo ya 200,000 anajidanganya.

Kwa anayekimbia riba, zipo benki zenye huduma za Kiislamu, PBZ Ikhlas ikiwa mojawapo. Katika murabaha benki inanunua vifaa, kisha inakuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa tangu mwanzo. Kwa hiyo peleka orodha na bei za muuzaji kabla hujanunua. Ukishanunua mwenyewe ukaenda na risiti, umekwama, maana benki haiwezi kukuuzia mali ambayo tayari ni yako.

Fundi mlipe kwa hatua iliyokamilika: msingi, kuta hadi lenta, slebu, kuezeka, lipu. Katika kila malipo zuia sehemu ya kumi, umpe baada ya mvua ya kwanza kubwa kupita bila kuvuja.

Hatua ya 4: Msingi

Mabondeni Pemba udongo ni wa kinamo. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na ukuta unafuata. Chimba mpaka udongo mgumu usiobadilika, usijipangie kina kutoka mezani. Kwenye mteremko, kata ngazi za usawa chini ya msingi na utie mfereji wa maji upande wa juu wa jengo kabla ya masika ya Machi hadi Mei.

Kwa jengo litakalobeba slebu, mhandisi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya nguzo. Mara nyingi utakuta nguzo za sentimita 23 kwa 23 zenye nondo nne za mm 16 na ringi za mm 8 kila sentimita 15 hadi 20. Ukiishia chini kwa sasa, acha nondo zitokeze sentimita 80 juu, uzifunike kwa zege dhaifu utakalolivunja baadaye. Zikiachwa wazi kwa upepo wa chumvi, hazifai tena.

Hatua ya 5: Kuta na slebu

Kuta za chini zinataka tofali za inchi 6 kama 1,150, pamoja na za kuvunjika. Mfuko mmoja wa saruji utoe tofali 30, si 45. Tofali zimwagiwe maji siku 7 kivulini. Ukiidondosha moja kutoka kiunoni ikawa unga, rudisha gari.

Slebu ya sentimita 15 kwa eneo hili ni mita za ujazo 8.8. Kwa mchanganyo wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) ni mifuko 57 ya saruji, mita za ujazo 4 za mchanga na 8 za kokoto. Agiza mifuko 62. Mashine ya mfuko mmoja hutoa mchanganyo kila dakika 6 hivi, kwa hiyo ni takriban saa 6 bila kusimama. Anzeni baada ya sala ya Alfajiri. Slebu iliyokatizwa katikati inabaki na mstari, na maji yatapita hapo.

Maji ni lita 25 kwa mfuko. Vibarua hupenda kuongeza ili zege liteleze, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Nondo zinyanyuliwe kwa vipande vya zege vya sentimita 3, visiwe vipande vya mbao. Mwagilia siku 7 kwa uchache. Mirunda inayoshikilia slebu ikae siku 21, hata mwenye mbao akija kuzidai.

Hatua ya 6: Choo, maji, umeme

Choo cha juu kikae juu ya ujia, kisiwe juu ya stoo ya mchele. Bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Karo liwe mbali na kisima mita 15, na 30 penye mawe ya nyufa. Umeme omba mita mbili kwa ZECO, ya duka na ya nyumba.

Maswali yaliyoulizwa

*Mwalimu, mchanga wa pwani ukioshwa vizuri unafaa?*

Haufai, dada yangu. Chumvi inakula nondo, kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kuosha kwa mpira wa maji hakukuhakikishii kitu, na kwenye lipu utaona unga mweupe na rangi ikibanduka. Isitoshe, kuchimba pwani bila kibali ni kosa.

*Ngazi zangu nataka ziwe za moja kwa moja. Mita 3 za urefu zinatosha?*

Hazitoshi, kaka. Kutoka sakafu hadi sakafu ya mita 3 unahitaji vidato 18 vya sentimita 16.7. Kanyagio 17 za sentimita 25 ni mita 4.25, na chini uache nafasi ya kusimama. Ukizibana zitakuwa wima, na wazee na mwenye ndoo kichwani wataanguka. Zivunje katikati kwa jukwaa.

*Nauza gesi na mafuta ya taa, na watoto wanalala juu. Nifanye nini?*

Mitungi itoke ndani, shekhe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kujaa pembeni mpaka ikutane na cheche, hata ya friji. Jenga kizimba cha nondo nje, chenye kivuli, kilicho wazi chini na juu, mbali na ngazi na karo. Mafuta ya taa yasikae humo, yawe na kizimba chake nje, mbali na mitungi, na swichi ya umeme isiwepo.

*Mume wangu anataka tuhamie kabla ya lipu. Vipi?*

Hamieni bibi, ikiwa paa, milango, choo na umeme vimekamilika na kukaguliwa. Lipu ya ndani ifanywe chumba kwa chumba. Ile ya nje upande wa pepo za mvua isisubiri, maana tofali tupu hunyonya maji na bidhaa za stoo zitaota ukungu. Anzeni na ukuta huo.