Namna ya Kuzuru Jumba la Kitaifa la Maigizo, Nairobi

Anayekwenda kutazama mchezo katika Jumba la Kitaifa la Maigizo na afike jua lingali juu, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya jumba hilo imo barabarani, nje ya mlango wake. Ukitoka katikati ya jiji kwa miguu, fuata Barabara ya Muindi Mbingu, upite bustani ya Jeevanjee, uvuke University Way na kuingia Barabara ya Harry Thuku. Karibu na hapo pana Kituo Kikuu cha Polisi, ambapo tarehe 16 Machi 1922 umati uliokuja kudai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe ulimiminiwa risasi. Mbele kidogo utaiona Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, na mkabala wake ndilo jumba lenyewe.

Lilifunguliwa Novemba 1952 na mwigizaji Mwingereza Ralph Richardson, majuma machache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, na hata baada ya uhuru jukwaa lake liliendelea kwa miaka mingi kutawaliwa na michezo ya Wazungu. Oktoba 1976 waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipewa siku chache tu za kuonyesha mchezo wao kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Usiku wa kwanza, watazamaji waliungana na waigizaji katika wimbo wa mwisho, wakacheza kati ya viti hadi nje, wakielekea Norfolk. Simama mlangoni uupime umbali huo kwa macho: ni kuvuka barabara tu.

Jumba lilifunguliwa upya mwaka 2015 baada ya kukarabatiwa. Tiketi aghalabu huuzwa na kundi linaloandaa mchezo, na malipo hufanywa kwa M-Pesa. Soma vizuri jina la ukumbi kwenye tiketi, kwani katika kiwanja hicho hicho cha Kituo cha Utamaduni cha Kenya pana pia Ukumbi Mdogo. Siku za kazi viti huweza kujaa wanafunzi waliokuja kutazama vitabu teule, yaani vile vya fasihi wanavyotahiniwa shuleni, vikiigizwa. Asiyestahimili kelele achague jioni, ingawa kwa maoni yangu hakuna watazamaji wachangamfu kuliko hao. Anayetumia kiti cha magurudumu awasiliane na waandaaji mapema ili atengewe nafasi. Ukiwahi kufika, ingia Cheche Gallery utazame kazi za sanaa, na mchezo ukiisha usiku, agiza teksi ukiwa ungali ndani ya kiwanja.