Jinsi ya kutumia exalt bila kuichanganya na exult

Ukipewa kuandika spichi ya Kizungu ya kumuaga pasta ama mzee wa kanisa hapa Nairobi, neno exalt, yaani kuinua juu au kutukuza, litakuja tu, maanake tumelisikia kwa maombi tangu utotoni. Ni neno zito sana na halifai kutupwa ovyo.

Anza na asili yake, hapo ndio kuna utamu. Exalt imetoka kwa Kilatini, exaltare, ambayo ndani yake kuna altus, yaani kitu kilicho juu. Altus ndiyo imetupa pia altitude, ile ya kusema Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hata enhance ni ya ukoo huo huo, ni vile ilipitia Kifaransa cha zamani ikabadilika sura. Alafu ukichimba zaidi unapata altus yenyewe imetokana na alere, kulisha au kulea, kwa hivyo aliye juu mwanzoni alikuwa tu mtu aliyelishwa akakua akarefuka, na mimi hiyo naipenda kuliko yote!

Kiswahili chetu kina neno la kuitosha kabisa, kukweza, ambalo linatoka kwa kukwea. Luka 14:11 inasema ajidhiliye atakwezwa, na Biblia ya King James ya 1611 hapo imeweka exalted. Basi kabla uandike exalt jaribu kuweka kweza kwa hiyo sentensi kwanza. Tunamkweza Mungu, sawa. Bosi amenikweza kuwa supavaiza, hapana, hiyo ni kupandishwa cheo, andika promote. Ukitaka kumsifu mwalimu wako tu, praise inatosha na itasikika ya kweli zaidi.

Sasa exult. Hiyo ni ya salire, kuruka, ndio maana yake ni kushangilia sana, na haichukui mtu moja kwa moja. Exalt lazima kuwe na anayeinuliwa lakini exult ni wewe unayefurahi, kwa hivyo ukiandika we exult our pastor umeharibu, andika we exalt, ama we exult in his work.

Kutamka pia: exalt inaishia kama salt, exult inaishia kama result. Kama ni wewe utasoma kwa maikrofoni, itamke kwa sauti nyumbani kwanza, hasa exalted, hiyo d ya mwisho hupotea watu wakiharakisha.