Chupa Mbili Zinatosha: Kuchagua na Kupanga Dawa za Uso Kwenye Joto la Dar

Februari mwaka huu dada mmoja aliingia kwenye chumba changu cha huduma za ngozi hapa Sinza na mfuko wenye chupa saba. Seramu nne, tona moja, krimu mbili. Kila asubuhi na kila usiku alikuwa akidondosha tone la kila seramu kiganjani, anakoroga kwa kidole, kisha anapaka uso mzima. Mashavu yalikuwa yanawaka moto, na kwenye taya kulikuwa na madoa mapya ambayo hakuwa nayo alipoanza. "Anti, mbona vyote ni orijino na nimenunua kwa hela nyingi?" Kweli vilikuwa orijino. Kosa lilikuwa pale kiganjani.

Huo nao ni mkorogo. Tumeacha kukorogea kwenye kopo, tumehamia kwenye kiganja. Na ngozi yetu ina tabia moja ambayo inabidi uijue kabla hujatoa shilingi: ikiudhiwa, inajibu kwa weusi. Chunusi ikipona inaacha doa, ukijikuna linabaki doa, na asidi ikikuunguza unabaki na doa vilevile. Ndiyo maana dawa ya madoa ikipakwa kwa pupa inazaa madoa mengine. Mpangilio wote ninaokupa hapa unatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Pumzisha uso kwa wiki mbili

Baki na vitu vitatu tu: sabuni laini ya maji ya kuoshea uso, losheni nyepesi, na kinga ya jua. Sabuni ya kipande iache kwa mwili. Sabuni nyingi za kipande zina pH (kipimo cha uchachu) ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5, kwa hiyo ukiiosha nayo mara tatu kwa siku kwa sababu ya jasho unaivua kinga yake. Najua unaogopa losheni kwa kuwa Dar kuna joto na uso tayari unang'aa mafuta. Tafuta ya jeli yenye gliserini, na kama ina seramidi, mafuta kama yale ya asili ya ngozi, ni bora zaidi. Mafuta ya nazi ni mazuri kwenye magoti na visigino, lakini kwenye uso wenye chunusi yanaziba vinyweleo.

Kama losheni ya kawaida tu inakuchoma, ngozi yako haijawa tayari kwa asidi yoyote. Ongeza wiki nyingine mbili.

Kama unatumia krimu ya kung'arisha isiyoandikwa viambato, hapa ndipo pa kusimama. Haidrokwinoni, zebaki na steroidi haziruhusiwi kwenye vipodozi nchini. Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, si tena chini ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, lakini kopo zisizo na maelezo bado zinapita mikononi mwa watu. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika kwa miaka inaweza kuacha weusi wa kibluu ambao hata sisi wenye kazi hii tunashindwa kuuondoa. Ukiwa umepaka krimu ya steroidi kwa miezi mingi, usiikatishe peke yako nyumbani, maana uso unaweza kulipuka vipele na kuvimba. Nenda kwa daktari wa ngozi akusimamie.

Hatua ya 2: Taja tatizo moja

Moja tu. Ukiniambia unataka kuondoa chunusi, madoa, mikunjo na weusi wa chini ya macho kwa pamoja, nitakuomba uchague linalokukosesha raha zaidi ukijitazama kwenye kioo.

Kama ni vichunusi vidogo, vichwa vyeusi na mafuta mengi, anza na asidi ya salisiliki asilimia 2. Yenyewe inayeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana inaweza kuingia ndani ya kinyweleo kilichoziba. Mara tatu kwa wiki zinatosha. Kama ni chunusi nyekundu zenye usaha, benzoili peroksaidi asilimia 2.5 ndiyo yenye kazi, na usidhani ya asilimia 10 itakuponya haraka zaidi: matokeo yanakaribiana, ila kali inaunguza zaidi. Inapausha nguo pia, basi lalia foronya nyeupe na kanga nzuri iweke mbali.

Kwa madoa, mimi ninaanza na niasinamaidi, yaani vitamini B3, ya asilimia 4 au 5. Haichubui. Inachofanya ni kupunguza rangi inayosafirishwa kutoka kwenye seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu. Ikiwa madoa yana chunusi pamoja nayo, napendelea asidi ya azelaiki asilimia 10. Ni dawa ninayoipenda kuliko zote kwa ngozi zetu, kwa sababu inafanya kazi mbili, kwenye chunusi na kwenye madoa, na mama mjamzito anaweza kuitumia. Siku za mwanzo inatekenya kidogo, halafu inatulia.

Vitamini C ni nzuri, lakini hapa mjini nina masharti nayo. Ile halisi inaharibiwa na joto, mwanga na hewa. Ukiikuta kwenye meza ya kando ya barabara Kariakoo, imepigwa jua tangu asubuhi, usiinunue hata ikipunguzwa bei. Chukua chupa ndogo ya rangi ya kahawia kutoka duka la ndani, iweke kwenye friji, na ikibadilika kuwa kama chai ya rangi, itupe.

Retinoli na ndugu yake adapaleni, za jamii ya vitamini A, zinasaidia chunusi, madoa na mikunjo, ila zinahitaji subira kuliko zote. Na hizi si za mjamzito wala anayetafuta ujauzito. Mimi namuuliza kila mteja kabla sijaitaja, tena faraghani, maana wengi hawapendi kulisema mbele ya shoga aliyewasindikiza.

Ndimu uiache jikoni. Ukiipaka ukatoka juani inaweza kukuunguza mpaka malengelenge. Liwa ya bibi sina ugomvi nayo, ila usiisugue juu ya uso uliopakwa adapaleni.

Hatua ya 3: Jaribu nyuma ya sikio

Paka kidogo, subiri saa 48. Ikiwasha sana au ikivimba, hiyo si yako. Kisha usianzishe dawa ya pili mpaka ya kwanza imekaa usoni wiki tatu au nne bila shida, la sivyo ukiungua hutajua nani kakuunguza.

Hatua ya 4: Asubuhi linda, usiku tibu

Asubuhi: osha, paka niasinamaidi, losheni, kinga ya jua. Usiku: osha, kausha kwa kugusagusa na taulo, acha ngozi ikauke kabisa, halafu dawa yako, halafu losheni. Adapaleni ni kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Kama ngozi yako ni nyepesi kuudhika, tanguliza losheni, dawa ifuate juu yake.

Sasa nani akae na nani. Niasinamaidi inaelewana na karibu wote. Yale maneno kwamba haikai na vitamini C usiyahangaikie. Retinoli au adapaleni isikae usiku mmoja na asidi za kuchubua, yaani glaikoliki au salisiliki. Hazigombani kwenye chupa, zinakugombania wewe, na anayeungua ni ngozi. Benzoili peroksaidi inavunja nguvu ya tretinoini, ndugu mwingine wa retinoli, kwa hiyo moja iende asubuhi na nyingine usiku. Adapaleni inaistahimili, lakini kwa anayeanza bado ninazitenganisha.

Wiki ya mtu mwenye chunusi na madoa, baada ya kuzoea dawa moja moja, naipanga hivi: Jumatatu na Alhamisi usiku adapaleni, Jumamosi usiku salisiliki, usiku uliobaki losheni peke yake. Usiku wa losheni peke yake ni sehemu ya tiba, usione unapoteza muda ukaujaza.

Hatua ya 5: Kinga ya jua, hata mawingu yakitanda

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua letu ni kali mwaka mzima, na wingu halilizuii lote. Tumia SPF 30 au zaidi, mistari miwili iliyojaa kwenye urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo. Asidi ya glaikoliki na retinoli bila hii ni kazi bure.

Kama una madoa ya mimba au madoa makubwa ya mashavuni, tafuta kinga yenye rangi ya ngozi, iliyoandikwa oksidi ya chuma. Mwanga wa kawaida unaouona kwa macho nao unaongeza weusi kwenye ngozi nyeusi, na kinga nyingi zisizo na rangi haziuzuii vizuri. Tena ile yenye rangi haikuachi kama umepakwa chokaa.

Kwenye daladala la mchana jasho litaiondoa. Kandamiza kwa kitambaa safi, usifute kwa nguvu, kisha upake tena kila baada ya saa mbili ukiwa juani.

Hatua ya 6: Hesabu kwa wiki

Ipe dawa wiki 8 hadi 12. Adapaleni inaweza kuongeza chunusi wiki za mwanzo kabla haijazipunguza. Jipige picha kila baada ya wiki mbili, dirisha lile lile, saa ile ile, maana kioo cha kila siku hakikuonyeshi mabadiliko. Ukiona kuchubuka, kuwaka au wekundu, acha dawa zote siku tano, baki na losheni, kisha rudi kwa usiku mmoja kwa wiki. Chunusi kubwa za ndani zinazouma na kuacha mashimo usizisubirie kwenye seramu, hizo ni za daktari.

Yule dada wa Februari tulimtenga na chupa zake zote saba. Baada ya mapumziko tukamrudishia moja, niasinamaidi. Wiki ya sita mashavu yalikuwa hayawaki tena, na madoa ya taya bado yapo lakini ukingo wake umeanza kufifia. Jumatatu hii usiku anaongeza ya pili, adapaleni, punje moja ya njegere.