Siku mbili za Pemba: lala Konde au Wete, si Mkoani

Mnaotoka mjini Unguja kwenda kupumzika Pemba Ijumaa hadi Jumapili, nawaombeni msiishie Mkoani boti inapofunga. Uzuri uko kaskazini. Pandeni gari hadi Chake Chake, kisha ya Konde, na kaeni upande wa dirisha. Njia inapanda na kushuka vilima vya mikarafuu, na chini yake mabonde ya mpunga yamelala juani. Mimi hapo hata simu siigusi.

Msitu wa Ngezi uingieni asubuhi na mapema, mlipe kiingilio na mtembee na mwongozaji. Msitu ule una miti mirefu ya zamani, na ndani yake wamo popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana penginepo duniani. Mwongozaji akikubali kuwatembeza wakati wa magharibi, msikatae: bundi wa Pemba utamsikia kabla hujamwona. Kurunzi na viatu vya kufunika vidole ni lazima.

Mkitoka msituni, ufuo wa Vumawimbi hauko mbali. Mchanga mweupe, watu wachache, duka hakuna. Basi chukueni maji na chakula tangu Konde, na mpatane kabisa na dereva saa ya kuwarudia, maana jioni gari huadimika.

Machi hadi Mei ni masika, njia za udongo huteleza. Juni hadi Agosti hewa ni nzuri, ila upepo wa kusi huichafua bahari. Anayetapika botini ale kidogo, akae nyuma. Tiketi ya kurudi kateni mapema.