Somo: Mita ya hewa ya kilango kwenye BMW E30, kuanzia kuipima hadi kuigusa springi

Wakuu, E30 (BMW 3 Series ya miaka ya 1980) ikianza kukosa silensa, yaani mngurumo wa taratibu bila kukanyaga mafuta, fundi wa kwanza atakwambia eafulo (hiyo mita ya hewa) imekufa, wa pili atakwambia kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini. Niliwahi kununua mita ya mtumba kwa ajili ya 318i yangu ya 1985, nikaifunga, na gari likabaki vilevile. Kumbe mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye mita kwenda kwenye injini, ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana somo hili linaanza na mpira. Mita itafuata.

Kwanza tuelewane ni mita gani. Mfumo wa L-Jetronic wa Bosch, ulioanza miaka ya 1970, pamoja na mdogo wake LE, unapima hewa kwa kilango chenye springi. Peugeot 505 GTI nazo zinayo. Hewa inayovutwa na injini inasukuma kilango, kilango kinazungusha mkono mdogo unaosugua njia ya kaboni, na volteji inayotoka hapo ndiyo inayoiambia kontrolo boksi nozeli za mafuta zifunguke kwa muda gani. Kuna kilango cha pili ndani ya chumba kilichoziba. Hicho ni cha kutuliza mtikisiko tu, wala usihangaike nacho.

1. Tafuta hewa ya wizi

Hewa yoyote inayoingia baada ya mita haijahesabiwa, na mchanganyiko wa hewa na mafuta unakuwa mwepesi, yaani mafuta yanapungua. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili. Gari zima linatakiwa kuyumba au kuzima. Lisiposhtuka, tayari kuna uwazi mwingine mkubwa mahali fulani. Chomoa mpira mzima, ukunje kwa mikono ukiwa juani, utazame kila mkunjo. Angalia na dipstiki, pamoja na vile vipira vyembamba vya vakyumu ambavyo vikizeeka hugeuka kama biskuti.

2. Pima mita ikiwa bado kwenye gari

Toa eya klina, ingiza kidole, sukuma kilango taratibu hadi mwisho kisha kiachie. Kinatakiwa kurudi chenyewe bila kukwama. Kikikwaruza, huenda kimepinda: injini ikikohoa kurudi nyuma kwenye njia ya hewa, kilango ndicho kinachopigwa.

Halafu washa swichi bila kupiga staata, weka multimita kati ya waya wa ishara na bodi, sukuma tena kilango. Volteji ibadilike kwa ulaini. Hapa multimita ya zamani ya mshale inaishinda ya dijiti, kwa sababu mshale ukiruka unauona palepale. Mruko ukitokea karibu na mwanzo wa safari ya kilango, umepata ugonjwa: hapo ndipo mkono umekaa miaka yote wakati wa silensa na mwendo wa kawaida, na kaboni imelika.

Sensa ya joto iliyo ndani ya mita isome takriban ohm 2,500 kwenye nyuzi 20. Kwa joto la Dar itasoma chini ya hapo, usishtuke.

3. Kuifungua au kuibadilisha

Toa waya wa betri, chomoa soketi, legeza klipu ya mpira, fungua nati zinazoishika kwenye boksi la eya klina. Kazi ya dakika 15.

Kabla hujatafuta nyingine, kata silikoni ya kile kifuniko cheusi cha mita kwa wembe na uangalie ndani. Kama njia imelika mstari mmoja tu, legeza skrubu za kibao chenye hiyo njia ya kaboni na ukisogeze kidogo sana, mkono usugue sehemu mpya. Safisha kwa spiriti na pamba, siyo kwa dawa ya kuoshea kabureta. Rudisha kifuniko kwa silikoni mpya, maana vumbi letu halina huruma.

Ukilazimika kununua, linganisha namba iliyogongwa pembeni, ile inayoanza na 0 280 20. Zilingane zote hadi mwisho. Mita mbili zinaweza kufanana kwa umbo na zikatofautiana springi.

4. Marekebisho

Kuna sehemu mbili, na watu huzichanganya. Skrubu ya elikii (ufunguo wa pembe sita) milimita 5, iliyojificha chini ya kizibo, inaruhusu hewa kupita pembeni ya kilango. Kazi yake ni mchanganyiko wa silensa tu. Ukiikaza, hewa zaidi inapita kilangoni na mchanganyiko unakuwa mzito, ukiilegeza, mwepesi. Kabla ya yote ikaze taratibu hadi ikome ukihesabu mizunguko, andika, kisha irudishe. Rekebisha injini ikiwa ya moto, ukilenga CO (kaboni monoksidi kwenye moshi) ya karibu asilimia 1 kwa gari lisilo na katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.

Sehemu ya pili ni gurudumu la meno linaloshika springi. Hili linagusa mwendo wote. Kukaza kunafanya mchanganyiko kuwa mwepesi, kulegeza kunaufanya mzito. Weka alama ya rangi kwenye jino la asili, na ushike gurudumu kwa bisibisi kabla ya kutoa kibano kinacholizuia lisizunguke. Ukiliachia, springi inajifungua yote na umepoteza kila kitu. Kwa maoni yangu, gari ambalo halijabadilishwa injini wala nozeli halina sababu ya kuguswa hapa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Arusha): Mkuu, nimefunga mita nyingine. Gari linawaka nikiwa kwenye staata, nikiachia ufunguo linazima.

Jibu: Mita yako ya awali ilikuwa na kontakti ya pampu ya mafuta ndani yake, hii mpya haina. Kwenye L ya zamani pampu inafanya kazi pale tu kilango kinapofunguka. LE inatumia rilei inayosoma mapigo ya koili ya plagi. Hiyo mita si ya gari lako, irudishe dukani.

Swali (Mombasa): Kaka, gari langu liko sawa huku pwani, nikifika Nairobi plagi zinakuwa nyeusi. Nikaze springi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kilango kinahisi msukumo wa hewa, hakipimi uzito wake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15, lakini mita inaona nusu tu ya upungufu huo. Mafuta yanazidi kwa asilimia 8 hivi. Ukikaza springi kule juu, ukirudi pwani utakuwa na mchanganyiko mwepesi, na hapo unacheza na vali na pistoni. Kama unahamia Nairobi moja kwa moja, rekebisha kule ukiwa na kipima moshi.

Swali (Mwanza): Naweza kufunga eafulo ya waya (inayopima hewa kwa waya wa moto badala ya kilango) ya Toyota ya kisasa?

Jibu: Siyo kwa kuunganisha waya tu. Ishara yake inapanda kwa mpangilio mwingine na kontrolo boksi yako haiielewi. Itabidi ubadilishe na kontrolo boksi.

Swali (Moshi): Fundi alizungusha gurudumu bila alama. Narudije?

Jibu: Tafuta mita nyingine yenye namba ileile ambayo haijafunguliwa silikoni. Zilaze mezani kwa mkao mmoja, tundika uzito mdogo uleule kwenye kila kilango, kisha sogeza jino mojamoja hadi vilango vyote viwili vifunguke sawa. Mimi nilitumia nati tatu na uzi.