Somo: Pima laini yako ya shaba kabla hujalipia kifurushi kikubwa

Ninatumia intaneti ya laini ya simu ya mezani hapa Jinja, kwenye nyumba za zamani upande wa ziwani. Faiba imeshafika mtaa wa pili, kwetu bado. Mwezi uliopita jirani yangu aliongeza pesa akahamia kifurushi cha megabiti 8 kwa sekunde, na laini yake haiwezi kupitisha hata 3. Pesa hiyo haitarudi. Iliniuma sana, ndiyo maana naandika hatua hizi, ili mwenye laini ya shaba ajue tatizo liko wapi kabla hajafungua pochi.

Hatua ya kwanza: tenganisha waifai na laini. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, zima waifai kwenye simu zote za nyumbani, kisha pima spidi alfajiri, mchana na saa mbili usiku. Andika majibu kwenye daftari. Kebo ikiwa nzuri na waifai mbaya, usimlaumu mtu wa nje: ruta imefichwa nyuma ya kabati, au jirani anatumia chaneli ileile (jaribu 1, 6 au 11). Alfajiri ikiwa nzuri na usiku mbaya kila siku, huo ni msongamano wa watu na waya wako hauna kosa. Ikiwa mbaya saa zote, endelea.

Hatua ya pili: soma namba za modemu (kwa wengi ndiyo hiyohiyo ruta). Kwenye kivinjari andika 192.168.1.1, au anwani iliyo kwenye stika chini ya modemu, ingia, tafuta ukurasa wa hali ya DSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu. Mstari ulioandikwa Attenuation unaonyesha mawimbi yamepungua kiasi gani njiani kutoka kituo cha simu. Kwa makadirio, kila kilomita ya waya hupunguza desibeli 14 hivi. Ukiona 28, uko kama kilomita 2, na hapo unaweza kudai spidi nzuri. Ukiona 55, uko kama kilomita 4, na hakuna fundi wala kifurushi kitakachofupisha waya huo. Kumbuka unapimwa urefu wa waya unavyozunguka mitaani, si mwendo wa ndege. ADSL2+, aina mojawapo ya DSL, inatangazwa kufika megabiti 24, lakini hizo ni za mtu anayekaa karibu kabisa na kituo.

Mstari wa pili ni SNR Margin, yaani mawimbi yako yameizidi kelele kwa kiasi gani. Chini ya 6 laini itakuwa inakatika. Ikiwa 10 na zaidi, imetulia. Hii ndiyo namba unayoweza kuipandisha kwa mikono yako.

Hatua ya tatu: waya wa ndani ya nyumba. Hapa ndipo nataka ukae sana, maana nyumba nyingi zinaumwa hapa. Peleka modemu mahali waya unapoingilia nyumbani, chomoa simu na tawi zote nyingine, soma namba tena. Zikipanda, adui yuko ndani.

Kwangu kulikuwa na kijisanduku cha plastiki chini ya paa, karibu na dirisha la jikoni. Nilipokifungua kwa bisibisi, udongo wa sisimizi ulinimwagikia mkononi. Ndani, waya mbili zilikuwa zimesokotwa kwa vidole tu na kufungwa kwa utepe wa umeme, na utepe wenyewe umeyeyuka kama ulimbo. Shaba ilikuwa ya kijani. Nilikata sentimita 2 za mwisho, nikaikwangua hadi ikang'aa, nikaunga kwa viungio vyenye jeli, vile vidogo wanavyotumia mafundi wa simu kuzuia maji. SNR Margin ilitoka 4 ikafika 9, na spidi kutoka 1.9 hadi 3.1. Si faiba, lakini binti yangu alimaliza somo lake la video bila kukatika hata mara moja.

Tahadhari: laini ya simu ina volti 48 hivi, na simu ikiita hupanda hadi karibu 90. Usishike waya tupu mikono ikiwa na maji, na usiguse kabisa kukiwa na dalili ya mvua. Sisi wa kandokando ya Ziwa Nyanza (Viktoria) tunajua radi zetu. Watu huchomoa waya wa umeme wakasahau wa simu, na modemu inaungua kupitia huohuo waya wa simu. Chomoa zote mbili.

Simu ya mezani ikitumia laini hiyohiyo, kila simu iwe na kichujio chake cha kutenganisha sauti na intaneti. Na usipande nguzo! Kuanzia ukutani kwenda nje, waya ni mali ya kampuni.

Hatua ya nne: ripoti kwa namba. Usiseme "intaneti iko pole pole". Sema: "Attenuation yangu ni 30, SNR Margin ni 5, nimepimia sehemu ya kuingilia, tarehe hizi na hizi." Omba namba ya malalamiko. Wakikaa kimya, peleka malalamiko hayo kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ukiwa na ushahidi kwamba ulianza na kampuni yako.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Entebbe:* Nimelipia megabiti 4 lakini nikishusha faili naona 450 tu. Si naibiwa?

Hapana, dada. Ile 450 ni kilobaiti, na baiti moja ni biti 8. Zidisha: 450 mara 8 ni 3,600, yaani megabiti 3.6. Kiasi kinachobaki hutumika kubeba taarifa za safari yenyewe. Unapata chako.

*Mzee wa Walukuba:* Laini yangu hufa mvua ikinyesha, jua likiwaka inafufuka. Mafundi wakija wanaikuta nzima.

Shikamoo mzee. Hayo ni maji kwenye kiungio cha nje, na jua linayakausha kabla fundi hajafika. Mvua ikinyesha bila radi, inua simu, bonyeza tarakimu yoyote mara moja ili mlio wa simu unyamaze, kisha usikilize. Ukisikia mkwaruzo, mpigie fundi saa hiyohiyo asikie mwenyewe kwa simu, na uandike tarehe. Tarehe tano za mvua zitamfanya afungue viungio badala ya kubadilisha modemu.

*Kijana wa Mbale:* Faiba imepita barabarani, mita 300 kutoka kwetu. Kwa nini wanakataa kuniunganisha?

Ndugu, huenda ile iliyopita ni kebo kubwa ya kuunganisha miji, na haikatwi njiani kwa ajili ya nyumba moja. Unachohitaji ni kisanduku cha kugawia mtaani, ambamo uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Umbali si kikwazo, maana mfumo huo hufika hadi kilomita 20. Kikwazo ni idadi ya wateja. Zunguka na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), andikeni nyumba zinazotaka, kisha pelekeni orodha moja kwa kampuni. Mtaa wa pili wetu walifanya hivyo.

*Mama wa Kampala:* Faiba nimewekewa wiki hii. Umeme ukikatika nayo inakufa. Simu ya zamani haikuwa hivyo.

Ni kweli mama, simu ya zamani ililetewa umeme wake na kituo kupitia shaba. Faiba ni uzi wa kioo, na kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo kifaa cha ukutani kinahitaji umeme wa nyumbani. Tazama adapta yake: nyingi zimeandikwa volti 12. Nunua betri ndogo ya ruta yenye volti hizohizo, ampea zisiwe chini ya zilizoandikwa, na hakikisha plagi inaingia sawasawa. Kifaa hakili umeme mwingi, kitakusogeza saa kadhaa. Huo uzi mwembamba usiukunje kona kali nyuma ya meza, na ukichomoka, watoto wasichungulie ncha yake, kwa sababu mwanga uliomo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru.