Kwenda Mafia kutoka Moshi kwa basi na boti

Wateja wangu wengi wa Moshi na Arusha wakisema wanataka bahari, wanamaanisha Unguja. Anayetaka kisiwa cha wavuvi na minazi, asikorofishwe na muziki wa ufukweni, mimi humpeleka Mafia. Tatizo ni kwamba mtu aliyezoea kupanga Ngorongoro kwa saa hutaka kupanga na Mafia vivyo hivyo, na huko ratiba inashikwa na maji.

Hatua ya 1: Mwezi. Ukimtaka papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, nenda kati ya Oktoba na Machi. Kipindi hicho husogea karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kufuata uduvi. Miezi mingine huzama na kukaa mbali zaidi na pwani. Aprili na Mei ni masika, achana nayo. Kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, ikishika, boti hurusha kweli, ila huo ndio wakati wa vifaranga vya kasa kuanguliwa Juani, kisiwa kidogo jirani.

Hatua ya 2: Dar. Panda basi la alfajiri. Ukishuka stendi ya Mbezi Luis usilale hapo, hata kama umechoka. Vuka jiji jioni hiyo hiyo ukalale Mbagala, maana foleni ya asubuhi itakukosesha boti.

Hatua ya 3: Nyamisati. Hapa ndipo boti ya Mafia inapoondokea. Magari ya kwenda huko yanapatikana Mbagala Rangi Tatu. Kabla hujalipa chumba, mpigie simu mtu wa bandarini umuulize boti ya kesho inaondoka saa ngapi. Jibu la wiki iliyopita halikusaidii, kwa sababu saa hubadilika kufuata kujaa na kupwa. Begi lifunge ndani ya mfuko wa nailoni. Kaa nyuma, boti hairuki sana huko, na usinywe supu nzito kabla ya kupanda (watu wa bara hatusikii tukiambiwa hili).

Hatua ya 4: Kilindoni, kisha Utende. Toa pesa taslimu Kilindoni, uwe na noti ndogo za visiwani. Utende, kijiji utakacholala, iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, kwa hiyo kuna kiingilio. Beba kitambulisho cha taifa ili ulipe kama raia, na dai risiti.

Hatua ya 5: Siku za kisiwani. Papa potwe mtafute asubuhi. Ukiwa majini, kaa kando yake, usimguse wala usimkatie njia. Nahodha anayemfukuzia kwa boti mwambie apunguze. Siku nyingine vuka kwenda kisiwa cha Chole ukaone popo wakubwa wanaolala mchana mitini, kisha Juani, kwenye magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Nahodha akisema mtoke saa hii, msibishane naye. Maji yakipwa mtashuka kusukuma boti kwenye tope.

Vijijini funika mabega na magoti, wazee waamkie shikamoo kabla ya kuuliza njia, na usimpige mtu picha bila ruhusa. Mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana kiagize mapema pale unapolala.

Hatua ya 6: Kurudi. Tiketi ya basi la Moshi usiikate ya kesho yake. Acha siku moja tupu Dar. Boti ikichelewa, umelindwa. Isipochelewa, kuna Kariakoo.